Nyuzi Sita na Siri ya Guka

Binti yangu amefika ule umri wa kupaka kucha rangi kila Jumamosi, na kila anapofungua kichupa chake sebuleni kwetu hapa Kimbo, mimi hujikuta nimeshika ukingo wa kiti. Harufu ile kali, inayopanda puani kabla hujaiona rangi yenyewe, wengine huwakumbusha harusi na saluni. Mimi hunikumbusha maji ya rangi ya chai ya maziwa, kiboti cha bati kinachovuja, na baba yangu akitetemeka mikono huku akijifanya ni baridi.

Nitawaeleza, lakini msinicheke kabla sijamaliza.

Tulikuwa tunaishi mtaa wa Landless, Thika, katika chumba na nusu. Ile nusu ilikuwa pazia. Baba alikuwa ameachishwa kazi kiwandani pamoja na wenzake wengi, na kwa miezi kadhaa alikuwa akitoka asubuhi amechomekea shati na kurudi jioni shati likining'inia nje. Mama alikuwa amekata shauri. Ikifika mwisho wa mwezi bila kazi, yeye, mimi na mdogo wangu tungeenda kukaa Murang'a kwa Cucu, mama yake Baba, na Baba angebaki mjini kuhangaika peke yake. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema akikunja nguo za baridi na kuzipanga kwenye mfuko mkubwa wa mistari, na mfuko huo ukabaki umesimama karibu na mlango. Nilikuwa na miaka kumi, na niliupiga teke kila nilipopita.

Ndipo Baba akasikia habari za bwawa. Upande wa Ruiru, ukishapita Gitothua, kulikuwa na shamba la kahawa lenye bwawa la kunyunyizia miche maji. Meneja wa shamba alikuwa ametia humo vifaranga vya tilapia, akitarajia kuuza samaki, lakini vifaranga vilikuwa vikipungua kila mwezi. Mwizi alijulikana. Alikuwa besi, samaki mwenye mdomo mpana, aliyeachwa humo na wenye shamba wa zamani, na kazi yake ilikuwa kuwameza wadogo. Meneja alitaka mtu wa kulitunza bwawa na kuwapunguza besi bila kutumia wavu, kwa sababu wavu haubagui. Kazi ilikuja na nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stoo ya kahawa.

Baba alimwambia meneja kwamba anaujua uvuvi wa kukokota nyuzi. Kiboti kinakwenda polepole, fito zimetandazwa pande zote mbili, na kila uzi unaburura chambo cha bandia kwa kina chake. Tilapia hajali vitu vinavyokimbia, besi ndiye hawezi kujizuia. Meneja alimsikiliza, akamtazama viatu, akasema, "Basi niletee besi kumi Jumamosi kabla ya saa sita. Ukileta, Jumatatu unaanza."

Mama alipoelezwa, aliweka mwiko chini. "Baba Wambui, si wewe ulikuwa unapiga makasia tu?"

Hapo ndipo nilipojua. Kabla ya kuoa, Baba aliwahi kufanya kazi kwenye bwawa moja la Nyandarua, akiwazungusha wageni waliokuja kuvua. Wageni ndio walioshika fito. Baba alishika makasia. Maishani mwake hakuwa amewahi kumtoa samaki majini hata mmoja.

"Nilikuwa na macho pia," alijibu.

Wiki hiyo chumba chetu kiligeuka karakana. Kwa watengeneza magurudumu Baba aliokota vipande vya risasi, yale madini laini wanayobandika kwenye rimu, akaviyeyusha kwenye kopo juu ya jiko na kumimina tone tone katika mashimo aliyochimba kwenye udongo. Mimi nilikatazwa kusogea, na nikasogea. Yalitoka matone ya ukubwa wa aina tatu, na kwa kuwa hatukuwa na mizani tuliyapa majina ya jikoni: harage, njegere na mchele. Harage lilikuwa la kushusha uzi hadi karibu na matope, njegere ya katikati, mchele wa juu. Kila tone lilishikana na ndoana yake. Nyuma ya ndoana Baba alifunga unyoya wa kuku au uzi wa sweta, na mbele, kwenye kichwa cha risasi, alipaka rangi nyekundu ya kucha za Mama, kisha akachora jicho kwa ncha ya njiti ya kiberiti. Vijiko viwili vya chai pia vilipoteza mipini yao vikawa chambo vya kumetameta. Mama alikoroga chai kwa uma mwezi mzima na hakuacha kutukumbusha.

Baba alinifundisha akijifundisha. "Maitu," aliniita, maana yake mama yangu, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, "ukienda kasi uzi unapanda, ukienda pole unazama. Kwa hivyo risasi na mwendo ni lazima viongee." Nilimuuliza mwendo wenyewe ni upi. Alifikiri sana, kisha akasema ni ule wa mtu anayetoka kanisani akiwa na mama mkwe wake. Nilielewa mara moja.

Jumamosi tulifika bwawani jua likichomoza. Mlinzi alitufungulia lango. Alikuwa mzee mrefu mwenye koti la kijeshi na rungu, na nilimsalimu "Guka" kama nilivyofundishwa kumwita mzee yeyote wa rika la babu yangu. Alitutazama na fito zetu za mianzi, akatazama kile kiboti cha bati kilichotumika kuondolea magugu, akatikisa kichwa.

"Mtavua hiyo mitu mpereke wapi?"

"Kwa meneja," Baba alisema.

"Aaai," alisema mzee, na akarudi kwenye moto wake karibu na nyumba ya pampu. Lazima mjue kwamba upande wetu, kwa watu wa umri wake, samaki hakuwa chakula. Walimweka fungu moja na nyoka na vyura. Hata nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa amemwonja.

Tulipanga fito sita, tatu kila upande, zikichomoza nje ya kiboti. Mbele tuliweka mbili za harage, katikati mbili za njegere, nyuma mbili za mchele, ili uzi mzito usipishane na mwepesi. Baba alishika makasia. Mimi nilikaa nyuma na kopo la kutolea maji yaliyovuja, kidole kimoja kikigusa uzi wa mchele ili nihisi ukiguswa.

Tulianza kuzunguka. Kasia lilikuwa likitoa sauti ya mlango mbovu, na Baba alikunja uso kila lilipolia. Ukungu ulipanda, ndege wakashuka kunywa, na ncha za mianzi zikabaki zimenyooka. Saa moja. Saa mbili. Baba alibadilisha vyekundu akaweka vijiko, akatoa vijiko akaweka manyoya meupe. Alisema maji yana udongo mwingi, samaki anataka kitu cheupe. Baada ya nusu saa alisema jua limetoka, anataka cheusi. Mwanzoni alikuwa akinieleza kila badiliko. Baadaye alikuwa akikieleza kiboti.

Kufikia saa tatu na nusu tulikuwa tumepata tilapia mmoja tu, tena ndoana ilimnasa tumboni kwa bahati mbaya. Baba alimrudisha majini haraka, akiangalia huku na huku kama mtu aliyeokota kitu cha wenyewe. Nilikuwa na njaa lakini sikuthubutu kusema. Niliuona ule mfuko wa mistari mbele yangu waziwazi, zipu yake na yote.

Tulienda kando kufumua nyuzi zilizojisokota. Baba aliinama juu ya ule msokoto, vidole vikikataa kumtii, na shingoni mishipa imemtoka. Ndipo nikaamua kufanya jambo la maana. Nilikimbia hadi kwa mlinzi.

"Guka, samaki wa hapa wanakaa wapi?"

Alikuwa akigeuza hindi lake motoni. Hakuinua macho. "Samaki? Mimi siri, mwana wangu." Kisha akaelekeza macho kwenye kona ya mbali ya bwawa, penye mti mmoja mkavu uliosimama majini, na akarudia kama aliyeudhika, "Mimi siri kabisa."

Nilisisimka mwili mzima. Mzee alijua! Alijua na alikuwa anaficha, na macho yake yalikuwa yamemsaliti.

Nanyi mnaosoma mmeshaelewa, lakini mnihurumie. Sisi tuliozaliwa katika nyumba za Kikuyu tulikua tukisikia r na l zikibadilishana viti, na mimi nilikuwa stadi wa kuyanyoosha maneno ya wakubwa kichwani kabla sijayatumia. Baba akisema "rara," mimi nilisikia "lala." Lakini siri ni neno kamili, limejitosheleza, halikuwa na kombo la kunyoosha. Halafu nilikuwa wa kwanza darasani katika Kiswahili, na mtu wa kwanza darasani hajihoji sana.

Nilirudi mbio. "Baba! Guka anajua! Amesema ni siri, lakini ameangalia kule kwa mti!"

Baba aliinua kichwa. "Amesema aje? Hebu nieleze vile amesema."

"Amesema, 'Samaki mimi siri.' Mara mbili."

Baba alimtazama mlinzi, akanitazama mimi, kisha akautazama ule mti mkavu kwa muda mrefu. Midomo ilimcheza kidogo. Nilidhani anapiga hesabu ya kina.

"Haya," akasema. "Twende kwa siri yako, Maitu."

Tulivuka bwawa. Nilijisikia mkubwa. Baba alizishusha nyuzi zote sita, za mbele zikiwa na harage kama mwanzo, na akaanza kupiga kasia kuzunguka mti. Hatukumaliza nusu duara. Kiboti kilishtuka kikasimama, mwanzi wa kwanza ukapinda mpaka majini, nikapiga kelele, "Ameshika! Ameshika!" na kabla sauti yangu haijafika ng'ambo, mwanzi ukavunjika. Wa pili ukafuata. Kisha uzi mmoja wa njegere ukakatika kwa mlio mdogo ambao bado nausikia. Hakukuwa na samaki. Tulikuwa tumenasa kwenye kitu kilicholala chini, na kila Baba alipovuta tulizidi kunaswa.

Nyuzi tatu zilikwenda hivyo, nusu ya kazi ya wiki nzima. Saa ilikuwa inaingia nne na nusu.

Baba aliweka makasia magotini. Hakunifokea. Alisema kwa sauti ya chini, bila kunitazama, "Ni wewe umesema huku, Maitu."

Laiti angenifokea. Nilianza kulia kimyakimya, nikitoa maji ya kiboti kwa kopo ili nionekane nina kazi. Nilijua sasa ni mimi niliyetupeleka Murang'a. Nilijiona nikimwambia mdogo wangu.

Uzi wa nne, ule wa njegere uliosalia, ulikuwa bado umenasa. Baba aliuvuta pole pole kwa mkono, akiuzungusha kiganjani, na safari hii kitu kikakubali kupanda. Kilikuwa tawi jeusi, limeoza, limejaa utelezi. Alilikwangua kwa ukucha, akalivunja, akalinusa.

"Hii ni kahawa," alisema.

Aliinamisha uso karibu na maji. Bwawa lilipopanuliwa zamani, maji yalikuwa yameifunika mistari ya mwisho ya shamba, na mikahawa ilikuwa imesimama chini yetu ikiwa imekufa, safu baada ya safu. Katika lile tawi alilolishika, kifaranga cha tilapia kidogo kama ukucha wangu kilikuwa kikirukaruka. Baba alikitazama kile kifaranga kwa namna ambayo sijawahi kumwona akitazama kitu kingine.

"Watoto wanajificha kwa miti," alisema taratibu. "Na mwenye kuwakula anakaa wapi?"

"Juu yao," nilijibu huku nikifuta kamasi.

Sijawahi kuona mikono ikifanya kazi upesi vile. Aliing'ata ile njegere kwa meno akaitupa, akafunga mchele. Kwenye nyuzi tatu zilizobaki sasa kulikuwa na mchele mtupu, wenye vichwa vyekundu. Alipima uzi kwa pima ya mikono yake, akaufupisha, akanisimamisha mimi kwenye kiboti na kuulinganisha na urefu wangu, akaufunga fundo hapo. Chambo kilipaswa kupita juu ya vilele vya mikahawa bila kuvigusa. Tukienda kasi kingepanda mno, tukizubaa kingeanguka kwenye matawi, na hatukuwa tena na uzi wa kupoteza.

"Hesabu pumzi zako," aliniambia. "Kila ukitoa pumzi mbili, sema 'sasa,' nami nipige kasia."

Nilihesabu. Pumzi za mtoto aliyekuwa akilia si pumzi za kutegemewa, na mara mbili chambo kiligusa tawi nikahisi ule mkwaruzo wake kwenye kidole. "Sasa," nikasema. "Sasa." Halafu uzi ulioko kidoleni haukukwaruza. Uligonga.

Samaki yule wa kwanza aliingia kiboti akipigapiga bati kwa kelele za ajabu, mdomo wazi wa kutosha kuingiza ngumi yangu. Baba alimwangukia kwa mwili wote. Hatukushangilia. Tuliogopa kushangilia. Baba alimtoa ndoana, akairudisha majini, akasema, "Hesabu."

Tulipita juu ya ile kahawa iliyokufa huku na huku. Wengine walinikata uzi mdogo moyoni kwa kuponyoka wakiwa wameshafika ukingoni. Pikapu ya meneja ilipotokea juu ya ukuta wa bwawa, ikaacha vumbi lipite mbele yake na kusimama, tulikuwa na besi tisa. Baba alipiga mzunguko mmoja zaidi, meneja akituangalia saa ikiwa mkononi, nami nikisema "sasa" kwa sauti iliyokauka. Hakuna kilichogonga.

Tuliwapanga wale tisa kwenye nyasi. Meneja aliwahesabu kwa ncha ya kiatu, akarudia.

"Nilisema kumi."

"Ndiyo, bwana meneja," Baba alisema. Hakujitetea. Aliomba tu kisu. Mlinzi alimpa, naye akampasua besi mkubwa tumboni na kumimina vilivyokuwamo kwenye nyasi. Vifaranga vitano vya tilapia, viwili vikiwa bado vizima kabisa, vikang'aa juani. Akampasua wa pili. Vinne.

Meneja alichuchumaa. Alivitazama vifaranga vyake kwa muda mrefu, kisha akamwambia mlinzi amshikie mmoja mkia auone vizuri. Mzee alirudi nyuma hatua mbili na rungu lake.

"Wee! Mimi siri hiyo kitu! Hata kushika sishiki!"

Meneja akacheka. "Hakuna mtu amekuambia ukule, mzee. Ushike tu."

Nilisimama pale nikisikia masikio yakipata moto. Siri. Sili. Mzee hakuwa na siri yoyote. Alikuwa akiniambia tangu asubuhi kwamba yeye hali samaki, nisimsumbue. Kule kwenye mti alikuwa ametupa macho tu, kama mtu yeyote aliyechoshwa na mtoto. Nilimtafuta Baba kwa macho tucheke pamoja, lakini Baba alikuwa amejiinamia, anafuta kisu kwenye nyasi, anakifuta tena.

"Jumatatu," meneja alisema akiinuka. "Saa kumi na mbili asubuhi. Na utengeneze hicho kiboti."

Tuliishi katika ile nyumba ya vyumba viwili miaka minane. Hadithi hii ilisimuliwa sana kwetu, na daima ilisimuliwa hivi: Wambui alisikia vibaya, Baba akamwamini mtoto wake, tukapata kazi. Mimi mwenyewe niliibeba hivyo hadi ukubwani. Kila nilipoogopa mtihani, au kazi mpya, au ndoa, nilijiambia kwamba niliwahi kuaminiwa na baba yangu juu ya maji, siku ambayo hakuwa na nafasi ya kukosea.

Mwezi uliopita Baba alikuja kutusalimu. Binti yangu alikuwa anapaka kucha zake, harufu imejaa nyumba, na Baba akaanza kumsimulia habari za mchele na harage. Alipofika kwa Guka, nikajikuta nauliza jambo ambalo, sijui kwa nini, halikuwahi kunijia. Baba amezaliwa Murang'a. Maisha yake yote, mtu akimkaribisha kitu asichokipenda, yeye husema, "Hiyo mimi siri." Angewezaje kusikia vibaya?

"Baba, wewe ulijua Guka alikuwa anasema hali samaki?"

Binti yangu aliendelea kupuliza kucha.

"Nilijua," alisema.

"Sasa kwa nini tulienda?"

Alizungusha kikombe chake mezani. "Nilikuwa nimeshindwa, Maitu. Tangu saa tatu nilijua nimeshindwa. Nikaona, kama ni kurudi kwa mama yako mikono mitupu, afadhali iwe ni wewe ulisema huko. Mtoto hawezi kulaumiwa sana."

Nawaambia ukweli, nilikasirika. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na ile ilinipanda hadi machoni. Nilikwenda jikoni nikasimama mbele ya sinki bila kazi. Nilimwona tena kwenye kiboti, akiwa kijana kuliko nilivyo mimi leo, mikono ikimtetemeka kwenye jua kali, akitafuta mtu wa kumsaidia kubeba, na mtu pekee aliyekuwa karibu ana miaka kumi na kopo mkononi. Nilikuwa nimeijua hofu yangu ya siku ile kwa ukamilifu. Yake sikuwahi kuipima.

Niliporudi sebuleni alikuwa amesimama, ameshika kofia, kama anayengoja kuambiwa aende.

"Keti, Baba," nilimwambia. "Chai haijaisha."